Soksi Ndani ya Kengele

Enzi zile tangi la maji lilikaa nyuma ya jiko, juu ya matofali, na waliokulia nyumba ile bado wanaikumbuka kengele yake. Ilikuwa kengele ya baiskeli ya marehemu babu. Shangazi aliifungia kinyundo cha umeme, akatia maboya mawili tangini. La chini lilizima pampu maji yakitosha. La juu liligonga kengele kama pampu imegoma kuzima na maji yanataka kumwagika.

Shangazi alikuwa mhandisi. Kazi yake kubuni mitambo ya kiwandani inayojiangalia yenyewe. Tangi la nyumbani lilikuwa jaribio tu. Likifaulu, boya na kengele kama hiyo vingefungwa kwenye pipa la kuchemshia sabuni, pale pale alipofanya kazi baba.

Kila alasiri binti wa nyumba, waliyemwita Kasuku kwa kutofunga mdomo, aliwasha pampu na kusikiliza. Siku ya kwanza kengele ililia. Akapanda ngazi mbio, akachungulia: maji nusu. Ikalia tena, nusu vilevile. Kumbe maji ya bomba yalilirukia boya la juu, likachezacheza. Kasuku aliliona hilo kwa macho yake. Ila kitabu alichokiacha mkekani kilikuwa kitamu, na ngazi ilimchosha. Akachomoa soksi ya baba kwenye kamba ya nguo, akaisokomeza ndani ya kengele. Kimya.

Tangu hapo, kila jioni Shangazi akiuliza kama imelia, Kasuku alijibu kwamba haijalia. Shangazi akatania kuwa siku hizi Kasuku kaishiwa maneno.

Jioni moja baba alirudi akinukia sabuni, na wakila akaambiwa kesho kengele inafungwa kiwandani. Akacheka, akasema dada yake atamfanya mvivu, maana hatachungulia pipa tena.

"Ikilia, kaka, usiulize. Funga moto, ukae mbali," Shangazi alisema.

"Na ikilia bure?"

"Hailii bure. Muulize Kasuku."

Wote wakamgeukia. Kasuku akamwona baba moyoni, kengele ikimlilia bure asubuhi, ikimlilia bure mchana, mpaka naye achoke, atafute tambara la kuizibia. Kisha sabuni ya moto ifure pipani, baba kaipa mgongo.

Akaweka kijiko chini, akatoka. Aliporudi alikuwa na soksi mkononi, nyeusi kwa grisi.

"Inalia, Shangazi. Inalia sana. Mimi ndiye niliyeiziba." Akaeleza yote, hata bomba na boya.

Baba aliitazama soksi aliyoitafuta wiki nzima, wala hakucheka.

Kiwanda kikaambiwa kisubiri. Kesho yake Shangazi na Kasuku walilivalisha boya la juu kipande kipana cha bomba, kilichotobolewa chini, maji yapande humo taratibu bila kulirukia. Wakawasha pampu. Kengele ikanyamaza hadi walipolishika boya la chini kwa makusudi, pampu isizime, na maji yakafika ukingoni. Hapo ikalia mpaka barabarani.

"Boya nililiweka pabaya mimi," Shangazi alisema wakishuka ngazi. "Ningelirekebisha siku ile ile, kama ungesema. Kitu kikikusumbua, mwanangu, kiseme. Ukikiziba na kuficha, anayeumia huwa ni mwingine."

Baba, aliyekuwa amerudi kazini na kuwashikia ngazi, alimnyooshea Kasuku mkono usioungua popote, mweupe kwa povu la sabuni.

"Na soksi ya pili je," akauliza kwa utani, "imeziba nini?"