Rafiki Yangu Alinichongea, Kibao Kikarudi Shingoni mwa Watoto

Nina miaka thelathini na sita, ni mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja huku milimani Upare. Ninayoyaeleza yamenipata mimi mwenyewe... na ndugu wasomaji, silii tena. Nina hasira!

Shuleni kwetu kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Mwanafunzi akikamatwa anaongea Kiswahili au Chasu, yaani Kipare, lugha ya nyumbani, anavishwa shingoni mpaka akamatwe mwingine. Kidato cha kwanza walikuwa kama mabubu. Nani angethubutu kufungua mdomo?

Darasani kwangu nilikikataa. Niliingia na ndizi, kisu na tangawizi. Namenya huku nasema kwa Kiingereza ninachofanya, nao wanaigiza bila kusema neno. Kisha wanajadiliana wawili wawili kwa lugha yoyote, hata Chasu. Mwisho naandika ubaoni mwanzo wa sentensi, wao wanaimalizia. Anayekosea hachekwi, nairudia sentensi yake kwa usahihi, tunaendelea.

Kulikuwa na binti, Namsifu, ambaye tangu aje hakuwahi kujibu swali. Asubuhi moja alisimama mwenyewe. "My mother sells ginger in Same!" Darasa zima likapiga makofi. Nilijifanya nafuta ubao... kumbe nafuta machozi.

Naetwe alikuwa rafiki yangu. Tulifundisha somo moja, tulikula sahani moja. Nilimkaribisha darasani, nikamwonyesha kila kitu. Kumbe anautaka ukuu wa idara! Alikwenda kwa mkuu wa shule akamwambia nafundisha Kiingereza kwa Kipare.

Mkuu akaniita mbele ya wazazi. Mzee mmoja akasimama: "Mwalimu, Chasu mwanangu anakijua tangu kwa mama yake. Hapa nimemleta ajue Kiingereza!"

"Shikamoo baba," nikamwambia. "Njoo kesho ukae darasani, umsikie mwenyewe."

Aliitikia marahaba, lakini mkuu alinikatiza. Nikanyang'anywa kidato cha kwanza, akapewa Naetwe. Naye siku ya kwanza tu akakirudisha kibao!

Aliyevishwa ni Namsifu. Kosa lake? Alimnong'oneza mwenzake maana ya neno. Akasimamishwa nacho mstarini, shule nzima ikicheka... Hakurudi tena.

Nilipanda mpaka kwao. Mama yake hakunipigia kelele. "Mwalimu, sina ugomvi na wewe," alisema. "Lakini mwanangu si mbuzi wa kufungwa kamba."

Halafu ikaja semina ya walimu, Same mjini. Naetwe akasimama mbele na ndizi na kisu, akaonyesha njia zangu, moja baada ya nyingine, kuwa ni ubunifu wake! Ukumbi ukampigia makofi. Nikanyanyuka.

"Mwalimu, njia hizo ni nzuri sana. Mbona darasani kwako unawavisha watoto kibao?"

Afisa elimu aliyekuwapo ukumbini akauliza, kibao gani? Nikaeleza yote, mkuu wangu akiwa amekaa mstari wa mbele. Naetwe alishindwa hata kuinua macho.

Kibao kiliondolewa. Lakini kidato changu sikurudishiwa, na Namsifu amegoma kabisa kurudi. Jumamosi nakwenda kumfundisha nje ya jiko lao, mama yake akitusikiliza huku anaosha tangawizi.

Naetwe alinifuata. "Dada, tuyaache yaishe." Nikamwambia anayepaswa kuombwa msamaha ni Namsifu. Mpaka leo hajapanda kwenda kumwona.

Walimu wenzangu, nawasihi, msimvishe mtoto aibu mkadhani mnamfundisha! Mwacheni afikiri kwa lugha anayoota nayo, Kiingereza kitajengwa juu yake. Na ukigundua njia inayofaa, usimnong'oneze rafiki mmoja pembeni kama nilivyofanya... Fungua mlango, waite wakuu, waite wazazi, waone kwa macho yao.

Nasikia nitahamishwa kwa kuwa nimeidhalilisha shule. Wanihamishe! Huko nako kuna watoto wanaoogopa kufungua mdomo. Nitaanza nao.