Kilo Sitini na Tisa

"Alikimbia. Usinitolee macho, Mwanahamisi. Mumeo aliruka majini akaenda kuoa Maskati. Ameonekana huko," alisema jirani yake, Bi Tatu.

Mwanahamisi akamjibu kwamba huyo aliyemwona hata uso wa mkewe mwenyewe haujui vizuri. Majirani waliosimama uzioni wakacheka, maana wote walijua anasemwa mume wa Bi Tatu.

Ng'ambo ya uzio, nyambizi Nguru ilikuwa imepandishwa nchi kavu, ndefu kuliko nyumba kumi za Mtaa wa Gati. Haikuwa na nahodha. Vita vizima iliendeshwa na akilimashine yake, mafundi wawili tu ndani. Na kwa desturi ya jeshi la maji, kabla akili hiyo haijazimwa, chombo huwasimulia raia utumishi wake chenyewe. Ilikuwa siku ya tatu sasa, na mtaa haukufanya kazi. Jana ilieleza ilivyojilaza kwenye tope siku kumi na moja, meli za adui zikipita juu, ikimsikia hata mpishi wao akikoroga chai.

Leo ingefika kwa Mbaruku. Miaka tisa Mwanahamisi hakumsomea mumewe hitima, kwa kuwa barua ya jeshi ilisema tu hayumo chomboni. Mke si mke, mjane si mjane.

"Mzamio wa mia moja na nne," sauti ikatoka kwenye chuma, ya taratibu. "Wavu ulinasa pangaboi inayonisukuma. Fundi Mbaruku alitoka kuukata. Aliukata. Mkondo ukamchukua. Nilimtafuta saa sita, kisha nikaamriwa niondoke."



Nyambizi ikaeleza kwamba ikiwa chini ya maji huwa kama mizani: mtu mmoja akitoka, chombo huwa chepesi, huanza kupanda. Ndiyo maana hunywa maji ya uzito wake.

"Niliingiza maji kilo sitini na tisa. Sikupewa taarifa ya kifo, kwa hiyo sikuyamwaga. Nimezama nayo mara mia mbili na kumi na mbili. Wa nyumbani kwake yupo? Niendelee kumtunzia nafasi?"

Mwanahamisi akashika waya wa uzio kwa mikono miwili. Miaka yote hiyo jeshi zima lilikuwa limemsahau Mbaruku, isipokuwa hiki chuma.

"Mimi mkewe," akasema. "Mbaruku amekufa. Mwaga, umechoka."

Tundu dogo likafunguka ubavuni. Maji yakatiririka juu ya saruji, yakapita chini ya uzio hadi mtaani. Bi Tatu alikuwa wa kwanza kuvua ndala na kurudi nyuma. Wengine wakamfuata, na hakuna aliyeyakanyaga.

Alasiri ua wa Mwanahamisi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye ndoo. Hitima ilikwisha, masinia yakaanza kupita. Bi Tatu alisimama nje ya mlango, mtandio umeshuka usoni, akiwaambia waliopita kwamba anangoja mtu. Hakuwa akingoja mtu.

Mwanahamisi akatoka, mikono ingali na unyevu wa kunawisha wageni. 

"Umenichoma miaka tisa, Bi Tatu," akasema. "Haya, pita ndani unawe. Nimekuwekea mahali kwenye sinia langu."