Pesa Iliyorudi Mara Mbili

Habari hii alinipa msusi mwenyewe, wiki niliyotoka hospitali, alipokuja nyumbani kunifumua nywele. Alikuwa akisimulia huku anachana. Akifika pagumu anasimama na kitana hewani, nami nangoja.

Siku hiyo benki ilijaa mpaka mlangoni. Msusi kavaa gauni lake la njano, lile la kuendea mambo ya maana, kashika karatasi ya akaunti yake na haelewi kitu. Mbele yake alisimama kijana mrefu, shati limepigwa pasi mbele tu, mgongoni mikunjo mitupu.

"Kaka, hebu nisomee hapa. Nikiweka wananikata. Nikitoa wananikata. Mwezi huu sikuweka wala sikutoa, wamenikata kwa kukaa kimya! Na waliniambia akaunti hii haina makato. Hawa ni watu au panya?"

Kijana akasoma, akarudia. "Mimi ni mmoja wa hao panya, dada. Nakaa meza ya malalamiko. Nilitoka kununua maji, sasa foleni yenu hainipitishi."

Msusi alitamani sakafu ipasuke immeze. Kijana akacheka, akampeleka mezani kwake, akaandika lalamiko na kuomba namba ya simu. Namba iliombwa kwa kazi, lakini simu zilizofuata hazikuwa za kazi.

"Umeamkaje, mteja wangu?"

"Wako tangu lini? Lete pesa yangu kwanza."

"Inakuja, mpenzi."

"Mpenzi! Hiyo ni idara gani tena huko benki?"

Basi wakazoeana. Jioni kijana hupita saluni na soda mbili baridi, anakaa katikati ya harufu ya mafuta ya nywele, wanawake wanamtania mpaka masikio yanamwiva. Msusi alikuwa akimwambia, "Pesa yenyewe si nyingi. Ninachotaka waseme wamekosea. Basi."

Jumatatu moja ujumbe ukaingia kwenye simu: pesa yote imerudi. Msusi akapiga vigelegele peke yake. Alhamisi ukaingia mwingine, pesa ileile, safari hii na maneno ya benki kuomba radhi. Furaha ikamwishia hapo hapo.

Jioni akamlalamikia mama yake nyumbani: "Mama, hawa wameanza tena. Wameniwekea mara mbili, kesho watanikata hizi pamoja na faini."

Asubuhi akaenda kurudisha. Meneja, mama mmoja mwenye sauti ya upole, aliangalia kompyuta muda mrefu.

"Sisi tumekurudishia jana tu. Ile ya Jumatatu imewekwa na mtu. Na mtu mwenyewe ni kijana wetu wa malalamiko." Akavua miwani. "Mfanyakazi wetu haruhusiwi kuweka pesa yake kwenye akaunti ya mteja. Nyinyi mna biashara gani?"

Msusi akageuka. Kupitia kioo alimwona kijana anaitwa, anasimama, anamtazama yeye. Msusi akatoka bila kuaga. Nje hakujua kama amekasirika, ameumia, au amemharibia mtu kazi. Simu ikaita siku nzima, hakupokea.

"Kwani kosa lake ni lipi?" mama yake akauliza. "Kukupa?"

"Kunidanganya! Nimepiga vigelegele vya bure."

"Sasa aliyekukata ni nani, na aliyekulipa ni nani?"

"Mama, usinichanganye zaidi."

Jumamosi kijana akaja saluni mikono mitupu, akasimama mlangoni kama mtu aliyepotea nyumba.

"Wamekufukuza?" Msusi alishindwa kuanza na jingine.

"Wamenipa onyo. Wameniondoa malalamiko, sasa nahesabu sarafu."

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Ombi la kwanza lilikataliwa. Nikaja kukwambia, nikakukuta unaimba. Nikashindwa. Nikaweka ya kwangu."

"Na hii nyingine?"

"Sikuacha kuandika. Wewe ulitaka waseme wamekosea. Pesa yangu isingeweza kukwambia hivyo."

Msusi akakaa kitini. Mteja aliyesukwa nusu kichwa akageuka. "Dada, nieleweshe. Huyu anakupenda au anakudai?"

Msusi akafungua mkoba, akatoa pesa. "Chukua yako. Sitaki kukupenda nikiwa na deni lako."

"Kumbe unanipenda?"

"Sijasema."

"Umesema!" saluni nzima ikaitikia.

Kijana akapokea, akazikunja bila kuzihesabu. "Basi kesho nije kwa mama?"

"Uje kufanya nini?"

"Sijui vizuri. Kuna maneno husemwa. Nitakuja na mjomba, yeye anayajua."

Jioni, mama yake akiwa ameshapanda kitandani, msusi akamwambia, "Kesho tuna wageni. Yule wa benki na mjomba wake."

"Benki tena? Wanadai nini?"

"Mimi."

Mama akacheka mpaka akakohoa, akalala na kicheko chake. Simu ikaita.

"Eti, leo nimekuposa au bado?"

"Hata mimi sijui, mpenzi. Muulize mjomba."

Msusi akaisukuma simu chini ya mto, akageukia ukutani, akalala.