Vitufe vya Marehemu Karani

Hili lilimkuta rafiki yangu Sixbert wa Mitwero, mwaka tisini na sita. Alikuwa na ugonjwa wa kufufua kompyuta kuukuu. Alifuata moja Nyangamara kwa karani aliyemuuzia, akakuta karani amezikwa jana.

"Matanga hatujaanua," mjane alimwambia. "Usiguse kitu chake."

Mbishi yule akaibeba tu, hata pole hakutoa.

Nyumbani aling'oa vitufe vyote vya kibodi, akaviosha, akavianika kwenye ungo, akafunga dirisha, akatoka na kufunga mlango. Umeme ulikuwa umekatika. Mara akasikia kutoka gizani humo: ta. Kimya. Ta. Kama mtu anayepiga chapa kwa hasira. Akahesabu saba.

Alipofungua mlango na kumulika, vitufe saba vilikuwa vimerudi kwenye kibodi, vingali vimelowa, vimebonyezwa hadi chini: S, I, X, B, E, R, T.