Doa Kwenye Zulia la Taraneh

Zilikuwa zimebaki siku nane Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi, ifike, na mjini Kashan, Uajemi, hakuna aliyepata nafasi ya kuketi. Nyumba zilikuwa zinakung'utwa. Mapazia yalishushwa, mablanketi yakaanikwa mapaani, na kila mwenye umri wa kushika kitambaa alishikishwa kitambaa. Mahrokh, mwenye miaka kumi na miwili, alipewa madirisha, ngazi na sinki, na vyote vitatu alivichukia.

Mama alimwonya jambo moja tu, akalirudia mara mbili. "Ndoo ya klorini isivuke kizingiti cha sebule. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Sebuleni mlikuwa na zulia jekundu ambalo mama alilifuma kwa mikono yake miaka kumi na mitano iliyopita. Kwao husemwa kwamba zulia huiva, rangi yake ikazidi kupendeza, likikanyagwa, na hili lilikuwa limeiva. Sasa lilikuwa la Taraneh, dada yake Mahrokh, ambaye angeolewa baada ya sikukuu. Ijumaa wakwe wangekuja kulichukua pamoja na vyombo vingine vya bi harusi. Fundi Yadollah, mwosha mazulia wa mtaa, alikuwa amelirudisha juzi likiwa safi.

Lakini Mahrokh alikuwa na haraka. Wenzake walikuwa uchochoroni wakikusanya kuni za ule moto ambao watu huuruka Jumanne ya mwisho wa mwaka, na vicheko vyao vilimfikia. Kuzunguka uani na ndoo aliona ni kujichelewesha bure, akakatiza sebuleni. Haraka haraka haina baraka. Mguu ulijikwaa ukingoni mwa zulia, na klorini kidogo ikamwagika.

Alifuta upesi, lakini alipoinua kitambaa aliona doa la ukubwa wa yai, limepauka. Angemwita mama saa ile, mambo yangeishia pale pale. Hakumwita. Alikimbilia duka la viungo, akanunua unga wa rangi nyekundu ya kutilia sufu, akaukoroga kikombeni. Kisha alipiga magoti upande wa mlangoni, akapaka ncha za nyuzi kwa brashi yake ya shule. Aliposimama mlangoni, hata yeye hakuliona doa.

Hakwenda uchochoroni tena. Aliketi, akainuka, akachungulia sebuleni, akarudi kuketi.

"We mtoto, una nini?" Taraneh alimuuliza. "Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga."

"Sina kitu."

"Haya, ukitaga utuite."

Kesho yake asubuhi mama alifanya jambo ambalo Mahrokh alikuwa amelisahau kabisa, ingawa hufanyika kila mwaka. Aligeuza zulia, upande wa mlangoni ukaenda dirishani, lisichakae upande mmoja. Nyuzi za zulia hulala upande mmoja kama manyoya ya paka. Ukilitazama kutoka huku wekundu wake ni mwepesi, kutoka kule umekolea zaidi, na Mahrokh alikuwa ametazama kutoka upande mmoja tu. Sasa doa lilionekana wazi, jekundu la kukolea kama kipande cha ini.

"Yadollah," mama alisema polepole. "Yadollah ameniunguzia zulia kwa madawa yake."

Taraneh aliketi sakafuni akalia. Mama alichukua simu, akampigia jirani yao Bi Effat. "Mazulia yako usimpe, shoga yangu. Langu kaliharibu." Hadi adhuhuri Bi Effat alikuwa amemrudisha mlangoni mikono mitupu kijana wa Yadollah aliyekuja kuchukua mazulia, na majirani wengine wawili wakafanya vivyo hivyo. Mahrokh alisikia yote akiwa ngazini. Alijua kwamba siku hizi za kabla ya Nairuzi ndizo humlisha mwosha mazulia mwaka mzima. Kitambaa kilikuwa mkononi lakini alikuwa hafuti chochote.

Alasiri Yadollah alikuja mwenyewe na mkoba wake. Alisalimu, akainama, akagusa doa kwa pamba iliyolowa. Pamba ikawa nyekundu.

"Dada, hapa pamepakwa rangi, na rangi yangu mimi haitoki kwa maji," alisema.

"Basi kaipaka nani? Jini?"

Mama hakumwamini. Mahrokh alishuka ngazi mbili, akasimama, akashuka tena.

"Ni mimi, Ami Yadollah. Klorini niliimwaga mimi. Rangi pia ni mimi."

Mama alifungua mdomo, lakini fundi aliinua kiganja. "Kwanza zulia, dada. Niletee maji, binti."

Aliisuuza ile rangi yote mpaka doa likarudia weupe wake. Akachanganya rangi nyingine, nyepesi, akaijaribu kwenye uzi mweupe na kuungoja ukauke. "Ikiwa mbichi hudanganya," alisema. Alidondosha kidogo kidogo hadi kwenye mashina ya nyuzi, akakausha, akaongeza. Kila mara alimtuma Mahrokh dirishani, kisha mlangoni.

"Huku?"

"Bado kidogo, Ami."

"Na huko?"

"Silioni tena."

Taraneh alipapasa pale mahali, akapumua kwa nguvu. Mama, macho chini, alisema, "Nimekukosea, Yadollah. Nikulipe nini?"

"Zulia nimelimaliza," fundi alijibu akifunga mkoba. Akamgeukia Mahrokh. "Ukikosea, binti, sema siku hiyo hiyo. Doa lako lilikuwa dogo kama yai. Ulipolificha, likahamia kwenye jina langu, na hilo mimi siwezi kulitoa. Mnaoweza ni wewe na mama yako."

Mama alivaa ushungi wake. Walikwenda wote wawili, nyumba kwa nyumba. Kwa Bi Effat mlango ulifunguliwa nusu, na mama akataka kuanza kueleza, lakini Mahrokh alimtangulia.

"Shikamoo, Bi Effat. Zulia letu nililiharibu mimi. Fundi Yadollah amelitengeneza. Tafadhali mpe mazulia yako leo."