Mkojo Mwekundu wa Mwai

Kila asubuhi kabla ya shule, Mwai aliwakatia ng'ombe nyasi, akanywa uji, kisha akavitazama vidonge vya kifua kikuu kiganjani kama mtu anayetazama kupe. Vilimchefua. Akivimeza, alicheua harufu yake hadi kipindi cha pili.

Alivipata katika zahanati moja upande wa Endarasha. Mhudumu alivisukuma dirishani huku akibofya simu. "Kila asubuhi. Anayefuata." Hakumwambia kwamba dawa hiyo hugeuza mkojo uwe mwekundu. Serikali ilimpa mtu yule mshahara na koti jeupe, ulimi haikumpa.

Siku moja Gatimu, mwanafunzi mwenzake, alimchungulia chooni, akacheka hadi akashika ukuta. "Kujeni muone. Mwai anakojoa soda."

Kufikia jioni shule nzima ilimwita Soda. Tangu hapo, siku nyingine Mwai alimeza, siku nyingine alivificha vidonge shavuni, akaenda kuvitema katika choo cha nyumbani, kilichojaa nzi. Baba yake, Ngatia, alipouliza, alijibiwa kwamba dawa imemezwa.

Msimu wa viazi ulipofika, mgongo ulianza kumuuma Mwai. Ngatia alidhani ni magunia aliyobeba. Zahanati nayo ilitoa dawa ya maumivu bila hata kumgusa mtoto. Kisha kikaja kichwa kuuma na kutapika, na asubuhi moja miguu ikakataa kushuka kitandani.

Hospitalini Nyeri, Daktari Nduta alitazama picha akakunja uso. Ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye uti wa mgongo, nao ulikuwa unapanda ubongoni. Alitaka kujua kama Mwai alimeza dawa vizuri, maana jibu hilo ndilo lingemwongoza kuchagua nyingine.

"Huyu humeza, daktari," Ngatia akasema. "Mimi namwona na macho yangu."

Mwai aliitazama miguu yake iliyolala kama ya mtu mwingine. Akinyamaza, angeweza kupewa dawa zile zile.

"Nilikuwa natema, baba. Chooni. Walikuwa wananicheka."

Ngatia aligeuza uso kama aliyenusa mzoga.

Vipimo vilionyesha viini sugu, vilivyokuwa vimeizoea dawa ya kwanza. Mwai alianzishwa dawa nyingine, chungu zaidi na za muda mrefu zaidi. Alitapika, akanuna, lakini alimeza. Baada ya miezi mingi alisimama akishikilia kitanda, na hatimaye akatoka wadini kwa mkongojo.

Nje, Ngatia alimkalisha chini.

"Mama yako, watu wa zahanati ile walimwacha kwenye benchi mpaka akakata roho, na bado wanakula mshahara. Hao nitawasema mpaka nizikwe. Lakini uzembe wao haukukutuma unidanganye. Ukichekwa, acha wacheke. Usipoielewa dawa, uliza, hata wakikununia. Na ukiianza, imalize. Ukimeza leo na kutema kesho, umevipeleka viini shule, na vitarudi na akili za kukushinda."