Anwani Iliyofichwa Chini ya Jina

Ni lini hasa kosa la mkono hugeuka kuwa kosa la moyo? Orpah Kwamboka alijiuliza swali hilo kwa siku nyingi, na hata anayeisimulia hadithi hii bado hana jibu. Anachojua ni mahali kosa lilipoanzia.

Lilianzia mjini Kisii, siku ya soko, mwezi wa Januari, katika saiba ya Mzee Omosa, duka la kompyuta na uchapishaji lililokuwa orofa ya kwanza, juu ya wauza ndizi. Harufu ya ndizi mbivu ilipanda ngazi pamoja na wateja. Orpah, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa kilimo, aliingia amelowa mvua, gauni lake la samawati limemganda magotini, flashi ya kompyuta ameifumbata kiganjani. Mlangoni akagongana na kijana aliyebeba rundo la karatasi, zikatawanyika sakafuni.

"Pole, kaka!"

"Usinipe pole, nipe mkono. Hii ni mitihani ya shule nzima. Ukilikanyaga swali la tatu, kuna mtoto atafeli."

Aliitwa Mokua. Ndiye fundi wa saiba ile, na shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi hata mikono yake ikawa na makali. Karatasi zilipookotwa, akamketisha Orpah mbele ya kompyuta.

"Ni wasifu wangu," Orpah akasema. "Tayari ni PDF. Nataka nakala mbili tu."

Mokua aliufungua, akabonyeza anwani ya barua pepe iliyoandikwa chini ya jina lake. Hapakutokea kitu.

"Dada, anwani yako imekufa."

"Imekufaje, nami herufi zote nimeziandika sawa?"

"Herufi ni nzima, kiungo cha kubonyeza ndicho hakipo. Ulipobadilisha ulipitia njia ya kuchapisha, sivyo? Mashine ikadhani unataka karatasi, na karatasi haibonyezwi. Ungeihifadhi moja kwa moja kama PDF, kiungo kingebaki hai."

Akalifungua faili la awali lililokuwa kwenye flashi, akafanya hivyo, akabonyeza tena. Ukurasa wa barua mpya ukafunguka, anwani ya Orpah imekaa juu yake.

"Umeona? Sasa anayekutafuta atakupata kwa kidole kimoja."

"Na wewe utanitafuta kwa kidole kipi?" Orpah aliuliza kabla hajauzuia ulimi wake. Foleni nzima ikaangua kicheko, na Mokua akaandika namba yake ya simu nyuma ya risiti, akampa.

Kufikia Februari simu zao zilikuwa na saa yake maalumu, mchana, wakati saiba inapopungua watu.

"Daktari wa udongo, umekula?"

"Nimekula, mganga wa mafaili. Na wewe?"

"Nimekula sauti yako. Haishibishi, ongeza."

Jina hilo la udaktari halikuwa mzaha mtupu. Nyaramba, nyumbani kwao Orpah, baba yake Mzee Ratemo alikuwa na kipande cha shamba mlimani ambapo chai ilidumaa mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyejua sababu. Tangu utotoni Orpah alitaka kuijua. Sasa taasisi moja ya utafiti jijini Nairobi ilikuwa imetangaza ufadhili wa masomo ya uzamili, elimu ya udongo, nafasi moja tu.

"Niachie wasifu wako," Mokua alisema. "Ni mzuri, ila hauna sura. Nitaupamba, na kuutuma nitautuma mimi."

Aliupamba ukapendeza, akautuma. Machi ikapita, Aprili ikapita, Nairobi haikusema neno. Orpah akaamini hakutosha. Mokua alimnunulia chipsi, akamfuta machozi kwa leso yake iliyonukia sabuni.

"Nairobi imekukosa, mimi nimekupata," akamnong'oneza. Orpah akayashika maneno hayo kama faraja.

Siku moja ya Mei, akiwa Nyaramba amepumzika kando ya kikapu cha majani ya chai, aliifungua kwenye simu nakala ya wasifu aliyotumiwa na Mokua. Kidole chake kikagusa anwani yake mwenyewe. Barua mpya ikafunguka, lakini juu yake hapakuwa na anwani ya Orpah. Palikuwa na ya mwanamke aitwaye Emily. Akampigia Mokua papo hapo.

"Emily ni nani?"

"Emily yupi, mpenzi?"

"Huyu aliyelala chini ya jina langu."

Mokua akacheka kidogo. "Aa, huyo! Ni mwalimu wa Masimba, mteja wangu wa zamani. Nilichukua faili lake nikafuta maneno yake, nikaandika yako. Sisi hufanya hivyo kila siku, Orpah. Maandishi ya juu yalibadilika, kiungo cha chini kikabaki cha kwake."

"Wewe unayebonyeza kila anwani, yangu hukuibonyeza?"

"Foleni ilikuwa ndefu siku ile. Nisamehe."

Orpah alikata simu, akaipigia taasisi ya Nairobi. Karani alimjibu kwa upole: "Tarehe kumi na mbili Machi tulikutumia mwaliko wa mahojiano, kwa kubonyeza anwani iliyo kwenye wasifu wako. Ulipaswa kuthibitisha kabla ya tarehe ishirini na mbili. Nafasi alipewa mwingine."

Kwa siku nane hakupokea simu ya Mokua. Siku ya tisa Mokua alimngoja lango la hosteli yake Kisii, shati halijapigwa pasi, macho mekundu.

"Nitukane, lakini usininyamazie. Ni mkono tu uliokosea."

Orpah aliamini kwamba kupenda ni pamoja na kumwachia mtu kosa lake. Akamsamehe. Mwezi wa Juni, Mokua alipoomba watu wake wa Nyansiongo waje kwao Orpah kuzungumzia posa, alikubali huku akilia na kucheka.

Alhamisi kabla ya ziara, alikwenda saiba kuandika orodha ya wageni. Mokua alikuwa ameshuka kununua mandazi. Orpah alitafuta jina lake ndani ya kompyuta na kukuta wasifu ule uliopambwa, mara mbili. Akaufungua wa pili, akabonyeza anwani. Ilikuwa yake, sahihi kabisa. Akatazama tarehe ya marekebisho: Jumamosi, kumi na nne Machi, saa nne asubuhi.

Saiba ile haikufunguliwa Jumamosi hata siku moja. Mzee Omosa alikuwa mzee wa kanisa la Waadventista, wanaoitunza Sabato siku hiyo, na ufunguo wa pili alikuwa nao Mokua peke yake. Orpah akarudi nyuma katika simu yake hadi siku ile, saa ile. Ujumbe ulikuwepo: "Sabato njema, Daktari wangu. Niombee."

Mokua aliingia na mandazi ya moto. Orpah akamgeuzia kioo cha kompyuta.

"Nieleze hii."

Mokua aliweka mfuko chini taratibu. "Emily alinipigia Ijumaa ile. Mwaliko wako ulimfikia yeye. Akanitumia."

"Ukausoma."

"Nikausoma."

"Zilibaki siku nane, Mokua!"

"Nilirekebisha kiungo asubuhi yake, nikakusudia kukuambia jioni. Kisha nikajiuliza: akienda Nairobi, atamrudia nani? Fundi wa saiba?"

"Ukatengeneza faili, ukaniacha mimi nimevunjika."

"Nilikupenda."

"Naamini. Ndilo linaloniuma." Akanyanyuka. "Waambie watu wako wasije."

"Wameshajipanga. Watakuja, nawe ukiwaona moyo wako utalainika."

Walikuja Nyaramba Jumapili. Orpah alivaa gauni la kijani kibichi, akawamiminia chai. Mokua alikaa karibu na mlango, shati lake limerudishiwa makali yake. Mjomba wake, Mzee Nyamongo, akakohoa.

"Binti yetu, kijana ametuambia mengi. Tunataka kusikia kwako, baba yako akiwa hapa. Huyu unamjua?"

Orpah aliliweka birika mezani, akasimama wima.

"Namjua, omogaka, mzee wangu. Alikosea, nikamsamehe. Lakini kosa lile alikuwa ameshaligundua wakati ungalipo, akalirekebisha kwa siri, akaniacha nililie kitu alichokijua. Bado nampenda, sitawadanganya. Tata, baba yangu, nanyi wageni wetu: sitaolewa na Mokua. Maombi ya Nairobi yatafunguliwa tena Januari. Nitayaandika mwenyewe, nitabonyeza kila kiungo kabla ya kutuma, na wakiniita nitakwenda."